Unga wa Mwezi wa Nane

Wivu wangu kwa mke wa shemeji yangu haukuanza na jambo kubwa. Ulianza na mkate. Shemeji, mdogo wa mume wangu, alikuwa ameajiriwa katika kiwanda cha simiti Athi River, na kila Krismasi mkewe alishuka Ekalakala na viondo viwili na mkate wa dukani, na mama mkwe akatoka mwenyewe mpaka barabarani kumpokea. Mimi niliishi na mama mkwe boma moja. Nilimtekea maji na kumpikia muthokoi mwaka mzima, na sikumbuki kupokewa barabarani hata siku moja. Ningepokewaje, na sikuwa nimekwenda popote?

Kwetu wake wa ndugu huitana mke mwenza, hata kama kila mmoja ana mume wake. Jina hilo lilinikaa sawasawa. Nilimtafutia kasoro mke mwenzangu nikakosa. Alikula chochote kilichopikwa, aliosha vyombo bila kuambiwa, aliniita dada. Nilingoja huyu mgema anayesifiwa kila mwaka alitie tembo maji, na hakulitia. Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya tisini, alimletea mama mkwe sabuni ya kuoga ya rangi ya waridi, ile inayonukia hata ikiwa ndani ya karatasi. Mama hakuogea. Aliifunga kwenye leso zake, na kila Jumapili akaenda kanisani ananukia, na aliyeuliza akaambiwa ni nani aliyeleta. Nilitembea nyuma yake mwaka mzima nikiinusa sabuni ya mwenzangu.

Nikaapa Krismasi inayofuata itakuwa yangu.

Desemba huko Matuu bei ya kila kitu hupanda, maana wenye maduka wanajua hakuna mama atakayewaambia watoto kwamba mwaka huu hakuna chapati. Kwa hiyo niliamua kununua mapema, wakati hakuna anayeikumbuka Krismasi. Nilivuna ndengu zangu, nikauza, na mwezi wa nane nikaenda duka la jumla nikanunua unga wa ngano beli nzima, zile pakiti za karatasi zilizofungwa pamoja, kwa bei ambayo Desemba ungeisikia ndotoni tu. Sukari, mchele na mafuta ya kupikia nikaongeza siku nyingine za soko. Haba na haba, kama wasemavyo. Mwisho nikanunua sabuni tatu za waridi. Mwenzangu alileta moja, na mimi sikutaka kulingana naye, nilitaka kumpita.

Vyote nikavitia katika sanduku la bati chini ya kitanda, nikafunga kufuli, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la leso. Mume wangu sikumwambia. Mwanamume akijua kuna sukari ndani ya nyumba hataki tena chai ya kawaida. Usiku wa kuamkia soko nilikuwa nalifungua sanduku langu, naangalia, nafunga. Mpango wangu ulikuwa watu wale kwanza, washibe, wasifu, na mama mkwe akiuliza vitu vizuri hivi vimetoka wapi, niinue kichwa polepole, nimwite mama kwa lugha yetu, niseme, "Ni mimi, mwaitu." Hata ile sauti nilikuwa nimeifanyia mazoezi nikiwa peke yangu shambani.

Siku yenyewe nilikanda ule unga mapema, mwenzangu akakaa kando yangu kusukuma. Sikusikia harufu yoyote. Pua yangu ilikuwa imezoea sanduku lile. Lakini yeye alisukuma chapati ya kwanza akasimama, akainua donge la unga karibu na uso, akaniangalia, kisha akaendelea na kazi. Nilijua ni maringo. Nikajiambia, mwanamke wa Athi River ananusa unga wa watu wa Ekalakala! Roho iliniuma hata nikaunguza chapati mbili.

Tulipowaandalia, mume wangu ndiye aliyeuma wa kwanza. Alitafuna kwa muda mrefu.

"Hizi chapati zimeoga?" akauliza.

Watoto wakaanza kupiga kelele, sabuni, sabuni. Mama mkwe akaichukua ya kwake akaipeleka puani. Hapo ndipo nilipoelewa. Ile miezi yote unga ulikuwa umelala na sabuni zangu tatu ndani ya bati lenye joto, na kila mwanamke anajua, mpaka msichana anayetumwa dukani anajua, kwamba unga na sabuni havibebwi mfuko mmoja. Mimi nilijua. Wivu ndio ulionisahaulisha. Nikasubiri kuulizwa.

"Mwaitu, ni mimi," mwenzangu akasema kabla mama hajafungua kinywa. "Niliweka unga na sabuni kwa kiondo moja. Ilikuwa haraka ya safari."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. "Aiya! Pole mwanangu. Hiyo njia ni mbali." Akala chapati yake yote kwa ajili ya yule kipenzi chake, akisema leo anaoga mpaka tumboni. Wengine nao wakaona ni mchezo, wakaomba nyingine na nyingine, mpaka sinia likaisha. Mimi nimewahi kupika chapati laini katika boma lile zikabaki. Mwenzangu, kwa wema wake usiochoka, akawaambia mchele ulikuwa wangu. "Mchele ni mzuri," mama akasema, akauliza kama kuna chapati imebaki.

Nilimfuata jikoni. "Nani alikutuma?"

"Dada, si wewe ndio unabaki hapa?" akajibu, mikono ndani ya maji ya vyombo. "Mimi keshokutwa niko Athi River. Wacha niende na hii aibu."

Nilipaswa kumshukuru. Nilichofanya ni kuondoka nikigonga mlango, kwa sababu niliona amenipokonya hata kosa hilo. Sabuni sikuweza kumpa mama tena, ingekuwa kujitaja. Niliogea mwenyewe mpaka Pasaka, kwa hasira, nikinukia kwenda kuchunga mbuzi.

Chapati zile hazikusahaulika. Mama mkwe aliwasimulia wageni, akawasimulia wachumba waliokuja kuuliza wasichana wetu, na kila mara alisimulia kwa mapenzi, kama mtu anayesimulia mtoto wake alivyojifunza kutembea. Kila Krismasi hadithi ilizidi kuwa tamu, na kila Krismasi nilikaa pale nikiisikiliza. Unga wangu, ndengu zangu, akili yangu ya kununua mapema, vyote vikawa sababu ya mtu mwingine kupendwa.

Miaka ilikwenda. Tukapata simu za mkononi, macho ya mama yakaanza kufifia, na Krismasi moja mwenzangu alikuwa ameketi karibu naye akimkatia nyama, wajukuu wamewazunguka, hadithi ikaanza tena. Sikuweza tena kunyamaza.

"Mwaitu, ule unga ulikuwa wangu," nikasema. "Nilinunua Matuu mwezi wa nane. Na sabuni nilikuwa nimekuwekea wewe."

Mama akageuza uso upande sauti yangu ilikotoka.

"Wewe nawe," akasema. "Hata kosa ya mwenzako unataka ikuwe yako?"

Mwenzangu akaweka kisu chini. "Ni ukweli, mwaitu. Unga ilikuwa yake. Mimi ndio nilidanganya."

Mama mkwe akapapasa mpaka akaupata mkono wa mwenzangu, akaushika kwa mikono miwili.

"Mnamwona huyu?" akawaambia wajukuu. "Yuko tayari kuitwa mwongo, bora mwenzake asiaibike."