Kujifungia Ndani ya Gari la Mteja

Leo nimejifungia ndani ya gari la mteja, nikaona haya kuita.

Niko kwa majaribio katika gereji ya Anko huku Gatitu. Nilikuwa nimebadilisha kebo iliyokatika ya kishikio cha ndani cha mlango. Nikaingia, nikafunga, nikavuta. Wapi! Kebo imechomoka, na mlango wa upande wa pili umezibwa na ukuta.

Nje, fundi mmoja akamwambia Anko, "Huyu msichana wako haongei. Ataambia wateja nini?"



Kava ya mlango ilikuwa bado wazi. Nikarudisha kebo, nikavuta, nikatoka. Wakanitazama.

"Kebo ilichomoka. Sikuwa nimeibana vizuri. Sasa imeshika."

Anko akacheka. "Ati haongei? Haya, mpigie mteja umwambie hivyo hivyo."

Simu iko mkononi. Nyinyi mngeanzaje?