Paka Juu ya Meza ya Harambee

Mama alinikataza kutamka neno utafiti.

"Mtu akisikia utafiti, anatoa mkono mfukoni bila kitu," alisema. "Wewe sema ugonjwa. Ugonjwa watu wanaujua."

Nilikuwa nimeketi jikoni kwake, Kamukuywa, bango la kadibodi likiwa magotini. Nilikuwa nimechora mioyo miwili ya paka, mmoja wenye kuta za kawaida, mwingine wenye kuta zilizonenepa hadi damu ikakosa nafasi. Michoro ya awali niliichana yote. Mmoja ulifanana na kiazi, mwingine na ramani ya kaunti.

Naishi Kitale, ambako natengeneza kadi za harusi na programu za mazishi. Kazi hiyo nilijifunza mwenyewe kwa simu, bila chuo wala mwalimu. Watu husema kujifunza mwenyewe ni ujasiri. Kwangu ni kuamka kila siku nikingoja mtu aniulize nilisomea wapi.

Paka wangu ni wa Kiajemi, manyoya marefu, uso bapa kana kwamba aligonga mlango utotoni. Nilipewa na mteja wangu, mwalimu mstaafu anayefuga paka wa ukoo huo. Mwaka mmoja baadaye, mama yake paka wangu alianguka akinywa maji, akafa palepale. Kisha akafa ndugu yake. Daktari wa mifugo aliweka kipimo kifuani mwa wangu, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, akasema kuna sauti ndani, kama mtu anayeburuta malapa. Huenda si kitu. Huenda ni kile kilichowaua wenzake.

Alinieleza kwamba paka wa aina hii huzalishwa ndani ya koo chache ili urembo usipotee, na pamoja na urembo hurithishwa moyo mbovu. Kwa aina fulani za paka, wataalamu wameshaipata jeni yenye hitilafu, na mate tu yanatosha kupima. Kwa hawa wetu bado. Kikundi cha watafiti ng'ambo kilikuwa kinaitafuta kwa michango ya wenye paka, na kilikubali kupokea mate ya paka wa Kitale. Sisi wafugaji tulikutana, tukaambiwa kila mmoja achangishe anavyoweza. Mimi, ambaye siwezi kutoa salamu kanisani bila karatasi, nikainua mkono.

Nilianza na tangazo zuri la WhatsApp. Mmoja alicheka. Mwingine aliuliza paka anauzwa bei gani. Wa tatu alituma pole kwa familia. Niliyesoma naye shule ya msingi aliandika, "Bana, sisi wenyewe hatujapimwa moyo," na kwa kuwa alikuwa na haki, nilimwandikia ujumbe mrefu wa kumwomba msamaha.

Ndipo mama akapiga simu. Mama hampendi paka wangu. Alipomwona mara ya kwanza aliuliza kama alikanyagwa. Lakini habari zilikuwa zimemfikia, na alikuwa ameshaita watu waje Jumamosi. Nilimwambia haiwezekani, harambee ni ya karo, ya hospitali, ya paa la kanisa.

"Hukuenda chuo, kwa hivyo sikukuitia watu wa kufuzu," alisema. "Harusi yako hatuijui. Mimi nimechangia watoto wa watu mpaka wengine sasa wana wajukuu. Leo umepata shida, hata kama ni ya paka, acha na mimi niite watu."

Nikaenda kununua kadibodi.

Siku yenyewe hema lilisimamishwa uani, viti vya plastiki vikapangwa, na mbele ikawekwa meza yenye kitambaa cheupe. Juu ya meza kulikuwa na jogoo aliyefungwa miguu, mkungu wa ndizi, trei ya mayai na malenge. Yeyote aliyewahi kuhudhuria harambee kati ya Lugulu na Kitale anajua meza hiyo ni ya nini. Kilicho juu yake kinapigwa mnada. Mimi pia najua, nimezaliwa najua. Lakini nilikuwa nakariri hotuba, ardhi ilikuwa imelowa, na mbwa wa jirani alikuwa akinusa kikapu cha paka wangu, ambaye mama alisisitiza aletwe ili watu wamwone mgonjwa. Nikakiweka kikapu mezani, kati ya jogoo na malenge. Jogoo alijisogeza.

Hotuba ilikuwa ndefu mno, ila ilipokelewa. Bibi mmoja aliuliza jeni ni nini. Nikasema ni kama ng'ombe wa gredi: unachagua fahali kwa ajili ya maziwa, na ndama anazaliwa na maziwa pamoja na miguu dhaifu. Vichwa vilitikisika hema zima, kwa maana kila boma limewahi kuwa na ndama huyo. Nilifurahi hata nikasahau kusema neno langu la mwisho, nikaenda nyuma ya jiko kutetemeka kwa faragha.

Huku nyuma khocha wangu, yaani kaka yake mama, alianzisha mnada. Yeye ndiye mshereheshaji wa kila jambo pale kwetu. Jogoo alinunuliwa na kurudishwa, akanunuliwa tena na kurudishwa tena, maana kwetu mtu wa heshima hanunui ili apeleke nyumbani. Ananunua, anashangiliwa, kisha anasema, "Narudisha kwa meza," na kitu kinauzwa upya. Niliporudi hemani, khocha alikuwa ameinua kikapu juu ya kichwa chake.

"Huyu ametoka Kitale na manyoya yake yote," alisema. "Nani anaanza?"

Nilidhani anatania. Lakini meza ni meza. Mfanyabiashara wa mahindi aliyetoka Bokoli, mzee mwenye kofia ya sufu, aliinua mkono. Mimi nikainua wangu. Khocha akatangaza kwamba sasa hata mwenye mgonjwa anachangia, watu wakapiga makofi, na mzee akaongeza. Mimi sikuwa na cha kuongeza. Kila shilingi iliyokuwa kwenye simu yangu nilikuwa nimeitoa mwanzoni kabisa, ili niwe mfano.

Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, paka akauzwa.

Tulingoja arudishe. Yule mzee aliweka kikapu magotini, akaingiza kidole kwenye mlango wake wa waya kumchokoza paka.

"Mzee wetu wa Bokoli," khocha alisema kwa upole, "kawaida hapa tunarudisha."

"Jogoo ningerudisha, jogoo niko nao," mzee alisema. "Ni panya ndio imenimaliza. Inakula mahindi kwa stoo kama watu wamealikwa."

Hakuna aliyecheka sana. Nilimtazama mama. Uso wake ulikuwa umetulia kama anavyokuwa mazishini, nikaelewa. Kuvunja mauzo ya harambee mbele ya watu ilikuwa ni kumvunjia yeye heshima katika harambee pekee aliyowahi kuita. Na yule mzee alikuwa amefunga safari kwa ajili yake tu, kwa sababu mama alimtembelea mkewe alipokuwa mgonjwa.

Basi nikasema kweli, ambayo ndiyo silaha ya waoga. Nilisema paka yule hajawahi kuona panya. Anakula kwenye sahani juu ya mkeka. Anaogopa nondo. Akikimbizwa, moyo unaweza kusimama. Nikasema si haki kumuuzia mtu mali ya namna hiyo.

"Mwanangu, mimi sikununua moyo, nimenunua paka," alinijibu. "Na si wewe umesema hapa hata haijulikani kama ni mgonjwa? Si ndiyo maana unachangisha?"

Katika hema lote, yeye ndiye aliyekuwa amesikiliza hotuba yangu vizuri zaidi. Nilianza kulia, na kwa aibu ya kulia nikajifunika uso na bango, kwa hiyo watu waliona mioyo miwili ikitikisika.

Mama aliinuka, akaingia jikoni, akatoka na paka wake kwapani. Ni wa kijivu, sikio moja limeraruka. Mama husema hafugi paka. Huyo anakaa tu pale. Lakini vichwa vya samaki huwa havitupwi.

"Huyo wa Kitale ni wa kuangalia," alimwambia mzee. "Huyu ni wa kazi. Chukua huyu."

Mzee alimfungua mdomo, akakagua meno kama anayenunua ng'ombe. "Huyu sasa ndiye paka," alisema, akanirudishia kikapu. Mama alirudi kitini, akaanzisha wimbo, na hakukosa hata neno moja.

Jioni, wageni walipoondoka, nilimwona akiweka kichwa cha samaki karibu na mlango, akakitazama, akakiokota. Aliniuliza kama mchango ulifika. Nilisema umepita tulichotarajia. "Basi," alisema.

Mchango ulienda, na mate ya paka wangu yakaenda kwenye vijiti vya pamba tulivyotumiwa na watafiti. Watafiti walishukuru na kusema majibu huchukua miaka. Kila asubuhi naweka sikio kwenye manyoya yake. Malapa bado yanaburutwa. Mama naye akawa ananipigia simu kuniarifu kwamba panya wamesikia habari na wanafanya vikao vyao darini. Nilimtafutia paka mwingine. Alikataa kila mmoja. Huyu ana macho ya mwizi, yule anajiona.

Kisha siku moja akaniambia kuna kitu mlangoni. Yule wa sikio lililoraruka alikuwa amerudi, amekonda, matope hadi tumboni. Mama, kwa kuwa ni mama, kwanza alimpigia yule mzee aje achukue mali yake. Mzee alicheka kwenye simu.

"Mama, siku ile si nilikosa adabu? Hesabu kwamba nimerudisha kwa meza."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kamukuywa. Paka alikuwa amelala kwenye leso ya mama ya kanisani, na mama akaniambia, kabla sijauliza, kwamba hajamlaza hapo yeye.

"Vile vijiti vya mate," alisema baadaye, "ulibaki navyo?"

Nilikuwa navyo.

"Basi mpime na huyu. Ametoka Bokoli kwa miguu. Hao watu wako wakitaka kujua moyo mzima unakaa aje, waanzie hapa."

Nilianza kumweleza kwamba utafiti ni wa paka wa Kiajemi peke yao. Mama alikuwa ameshampakata paka. Nikanawa mikono, nikafungua kijiti, naye akashika taya. Nilikwaruzwa kuanzia kiganja hadi kiwiko, lakini mate nilipata. Kisha nikafungua kijiti kingine nikarudia, kwa sababu kile cha kwanza hakikugusa ufizi vizuri.