Kilima cha Saa Kumi na Mbili Asubuhi

Wageni waliotoka Mbuchi, kwetu deltani, walikuwa wakisimama mbele ya tangi langu, mikono nyuma, kama watu waliokuja kutoa pole na hawajui nani amekufa. Baada ya muda mmoja wao aliuliza swali lilelile.

"Samaki wako wapi?"

"Wapo wawili, wamejificha. Tangi ni la matumbawe."

"Matumbawe si mawe?"

"Ni wanyama."

Alimgeukia mwenzake. "Msomi wa chuo kikuu anafuga mawe."

Sikuwalaumu. Mto unapoingia baharini kule kwetu unashuka na matope ya nusu ya nchi, na tumbawe halipendi matope. Mtu anaweza kuzaliwa kwenye delta, akavua kamba na kaa mpaka akazeeka, asilione tumbawe hai hata siku moja.

Tangi lilikuwa Kibiti, kwenye chumba cha kulia cha nyumba ya wageni ya mama mkubwa, dada wa mama yangu. Nilirudi kwake na shahada ya sayansi ya maji, bila kazi, nikiwa na kioo cha kabati la duka lililofungwa. Nikaunda tangi la lita mia tatu. Vipande vya matumbawe nilivipata kisiwani Mafia, kwenye mradi wa kuotesha miamba nilikojitolea, pamoja na barua ya kibali ambayo niliitia fremu na kuitundika ukutani, maana kila afisa aliyekula wali pale aliuliza. Maji ya bahari yalikuja kwa madumu, kwa boti mpaka Nyamisati, kisha kwa pikipiki ya mizigo. Mama mkubwa alikubali yote hayo kwa sharti moja.

"Likinuka linatoka nje, na weye unalifuata."

Halikunuka. Tangi lilipofikisha miezi mitatu nikamkuta ameburuta kiti chake mpaka mbele ya kioo, anatafuna tambuu yake, anaangalia matumbawe yakifungua vidole vyake vidogo. Nilibandika karatasi kwenye kioo: USIGUSE. Niliibandika kwa ajili ya wageni, ingawa sikumtoa mtu yeyote kwenye amri hiyo.

Tumbawe hujenga mfupa wake kwa kile kilichoyeyuka majini, na kwa hiyo kila siku linakula alkali ya tangi. Alkali ndiyo akiba inayoyazuia maji yasigeuke kuwa makali kama siki. Ikipungua, tumbawe linaacha kukua, linapauka nchani, linakufa. Ikizidi ghafla, linaungua. Kazi ya mfugaji ni kurudisha kila siku kilicholiwa, bila kupunguza wala kuzidisha. Mimi nilirudisha kwa magadi ya kuokea mikate niliyoyayeyusha kwenye maji, na kila alasiri nilipima kwa matone: unadondosha dawa kwenye kichupa cha maji ya tangi mpaka bluu igeuke manjano, na idadi ya matone ndiyo jibu. Nane ni nzuri.

Ilikuwa nane. Jambo hilo lilinikera. Mimi ni mtu ambaye mwalimu wa madrasa alimwomba mama yangu anifundishe kunyamaza, kwa hiyo namba nzuri nisiyoielewa hainipi raha. Kwa hesabu zangu, magadi niliyokuwa naweka hayakutosha. Alkali ilipaswa kushuka taratibu. Nikabadilisha dawa ya kupimia, nikidhani imeharibika. Nane. Na kati ya tone la saba na la nane kuna nini? Matone hayasemi.

Ndipo simu ya kazi ikaja. Mradi uleule wa Mafia ulinitaka niende kupima miamba: wiki tatu kule, wiki moja nyumbani, kuanzia baada ya Idi. Nilikuwa nimeahidi, nilipopewa vipande vile, kwamba nikishindwa kuvitunza nitavirudisha kabla havijafa. Nikamwambia mama mkubwa mezani kwamba kama sitapata njia ya kuyaweka maji sawa nikiwa sipo, nitalivunja tangi.

Aliacha kula. "Utalivunja?"

"Nitayarudisha baharini."

"Wameshazoea hapa," alisema, akasukuma sahani.

Kama vile maji yalikuwa yakitusikiliza, wiki iliyofuata yaliharibika. Mama mkubwa alikwenda Mbuchi kwenye harusi ya mtoto wa kaka yake, na alipokuwa huko namba ikawa saba, kisha sita. Ncha za tumbawe kubwa zikapauka. Nikaongeza magadi. Mama mkubwa akarudi na gunia la mchele mpya na hina mikononi, na baada ya siku mbili namba ikawa tisa. Nikapunguza magadi, ikarudi nane, ikatulia hapo kama haijawahi kufanya lolote.

Nikaamua kwamba jicho langu la mara moja kwa siku halitoshi. Nilihitaji mashine inayopima alkali yenyewe, mchana na usiku.

Kuna fundi Dar es Salaam anayetunza matangi ya hoteli. Nilimpigia. Alinieleza kwa subira, mara ya kwanza, kwamba zipo mbili anazoziamini. Zote huvuta maji kidogo, hudondosha asidi mpaka alkali ya maji isalimu amri, kisha huhesabu asidi iliyotumika. Ndogo inaishia hapo. Kubwa inatuma namba kwenye simu, inachora grafu, na ikitaka inaamuru pampu iongeze dawa yenyewe.

"Nani amethibitisha kwamba zinasema kweli?" niliuliza.

"Unalinganisha na matone."

"Na matone nani ameyathibitisha?"

"Dogo, una mke?"

"Sina."

"Nimekuelewa. Hii ni mashine ya kupima maji tu, dogo. Hakuna anayekuozesha."

Hata hivyo alikubali kunitumia kubwa kwa majaribio, kisha ndogo, nichague. Kubwa ilifika kwa basi la asubuhi, imeviringishwa kwenye mablanketi ya mtumba. Niliifunga, nikaiambia ipime kila saa, nikakaa na simu mkononi kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Grafu ilishuka polepole tangu jioni, kama nilivyotarajia. Saa kumi na mbili asubuhi ikapanda ghafla. Kilima. Kisha ikaanza kushuka tena kutwa nzima. Kesho yake kilima kilekile, saa ileile.

Nilishuku umeme, ambao asubuhi unarudi na nguvu za kupita kiasi. Nikaifunga mashine kwenye betri; kilima kikabaki. Nikashuku baridi ya alfajiri, nikapima joto la maji. Halikuwa limebadilika kiasi hicho. Nikashuku taa, lakini taa huwaka saa mbili. Nikashuku magadi yangu, nikayasimamisha siku moja. Kilima kikaja.

"Sensa ya mashine, ile inayopima, imechoka," fundi alisema. "Irudishe, nakutumia ndogo."

Ndogo ni kisanduku cha ukubwa wa redio ya mkononi, na namba inatokea usoni pake kwa tarakimu kubwa, kama saa ya msikitini. Haikuwa na grafu. Nilichora mwenyewe kwenye daftari, kwa rula. Siku ya kwanza, kilima. Siku ya pili, kilima.

Mashine mbili za viwanda viwili tofauti haziwezi kukubaliana uongo wa saa ileile. Asubuhi ya tatu niliswali alfajiri haraka kuliko inavyopendeza, nikaenda kukaa kwenye benchi la chumba cha kulia, nyuma ya jokofu la soda.

Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Mama mkubwa alitoka chumbani kwake, ushungi ukiwa bado kichwani, tasbihi mkononi. Akainama chini ya kaunta, akatoa jagi la plastiki. Ndani yake mlikuwa na maji ya mvua yaliyolala tangu jana, na chini yake tope jeupe limetulia. Akalibeba kwa mikono miwili asilitikise, akamimina maji ya juu, yaliyo maangavu, kwenye ndoo inayojazia tangi maji yanayopotea kwa joto. Alimimina taratibu sana, midomo ikicheza. Lile jeupe akaliacha jagini.

"Mama, unafanya nini?"

Hakushtuka. "Subalkheri. Nawapa chai watoto wako."

"Umeweka nini humo?"

Akanionyesha kikopo chake cha chokaa ya tambuu.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za vuli."

"Nimeandika usiguse!"

"Nimegusa wapi? Kuna alama ya kidole hapo? Nimemimina kwenye ndoo."

"Kwa nini chokaa?"

Alinitazama kama niliyeuliza kwa nini wali unapikwa kwa mchele. "Sisi chokaa tulikuwa tunanunua kwa watu wa visiwani. Wanaokota mawe hayahaya ufukweni, wanayachoma, inatoka chokaa. Sasa mwili wake umejengwa kwa nini? Kwa sembe? Nikawaona wamesinyaa, nikawapa."

"Na kwa nini maji ya juu tu?"

"Ile nyeupe niliogopa itawaingia machoni."

"Hawana macho, Mama."

"Si ulisema wanyama? Nitajuaje?"

Nilikaa chini. Maji ya chokaa ni njia ya zamani kabisa ya kulisha tangi la matumbawe. Yanarudisha alkali na kalsiamu kwa pamoja, na ni lazima yawe yale maangavu ya juu. Nilikuwa nimelijibu swali hilo kwenye mtihani wa mwaka wa pili na kupata alama zote. Daftari langu lilikuwa na orodha ya vitu nilivyovishuku, kurasa mbili: dawa, chumvi, umeme, joto, taa, sensa, kiwanda. Mtu anayelala hatua kumi kutoka kwenye tangi hakuwemo. Wiki aliyokuwa harusini ilikuwa imeandikwa mlemle, pamoja na sita yake, na sikuwa nimeviunganisha.

Hasira ilinikaa kiasi cha chai kupoa. Baadaye nikacheka, naye akacheka, kisha akaniuliza kwa sauti nyingine kama alikuwa anawaua.

"Ulikuwa unawaokoa. Lakini kijiko kimoja cha ziada kingewaunguza."

"Basi niambie kiasi."

Tukakubaliana: kijiko cha chai kimoja, kilichosawazishwa kwa kisu, na namba ikifika nane na nusu, siku hiyo hakuna chokaa. Alirudia masharti hayo mara mbili, kama mtu anayepokea amana.

Ikabaki kuchagua. Fundi hakuwa na shaka.

"Chukua kubwa, dogo. Inapima, inaweka dawa, bi mkubwa apumzike."

Nilimpelekea mama mkubwa hoja hiyo, akiwa anachambua mchele.

"Hiyo kubwa ikifanya yote, umeme ukikatika?"

"Kuna betri. Ikiisha, inangoja."

"Na miye?"

"Wewe unapumzika."

"Nimekwambia nimechoka?" Akapepeta ungo, makapi yakaruka upande wangu. "Na hizo namba nitazisoma wapi?"

"Kwenye simu."

"Simu yangu ina tochi na redio."

Nilichukua ndogo. Fundi alinicheka, na ningeweza kumtetea mama mkubwa kwa kusema kwamba mtandao wetu si wa kutegemea, jambo ambalo ni kweli. Sababu yenyewe ilikuwa kwamba nililiona tangi likiwa na mtunzaji tayari, mwenye mkono mwepesi na saa isiyopotea, akikosa kitu kimoja tu: kuambiwa namba kabla ya kumimina. Niliipanga mashine ipime mara nne kwa siku, ya kwanza kabla tu ya adhana ya alfajiri. Nikamfundisha pia kupima kwa matone. Karatasi ya USIGUSE niliibandua.

Nikaondoka baada ya Idi. Kila jioni nilipiga simu kutoka Mafia.

"Asalaam aleikum, Mama."

"Nane na nukta moja. Waaleikum salaam. Umekula?"

Ilikuwa nane na nukta moja, nane kamili, saba na nukta tisa. Tumbawe kubwa, alisema, limeota kidole kipya upande wa dirishani. Wiki ya tatu alinipigia yeye, asubuhi, nikiwa nimekaa ukingoni mwa boti na miguu majini.

"Chombo chako kinasema kumi."

"Umeweka vijiko vingapi?"

"Usinitukane. Leo sijaweka hata kimoja. Nimepima kwa matone yako: nane. Nimerudia: nane. Nikamwita mgeni wa chumba cha nne, mwalimu, naye akahesabu: nane. Chombo kinadanganya."

Nilimwambia atazame mrija mwembamba unaotoka kwenye chupa ya asidi.

"Una povu ndani."

Hewa ilikuwa imeingia, na mashine ilikuwa ikiihesabu hewa kama asidi. Nikamwelekeza abonyeze kitufe cha pembeni mpaka mrija ujae. Tukasubiri, yeye Kibiti na mimi baharini, bila kukata simu. Nilisikia vikombe, na mlango wa jokofu.

"Nane," alisema hatimaye. Kisha, "Kabla hujakinunua, ulikijaribu?"

"Nilikijaribu. Nililinganisha na matone."

"Na matone nani aliyathibitisha?"

Swali langu kwa fundi lilikuwa limenirudia. Nilikuwa natoa miguu majini niliposikia sauti ya mwanaume nyuma yake, mgeni aliyekuwa ameshuka kwenye basi, akiuliza kama haya ndani ya kioo si mawe.

"Mawe yako kichwani mwako," mama mkubwa alimjibu. "Kaa hapo, chai inakuja."