Eti duka la Kilosa halijawahi kuuza risasi

Leo nimeambiwa nimekosea duka, na duka lenyewe ndilo lililoniuzia bunduki.

Nimetoka kijijini kwetu Ulaya kwa baiskeli alfajiri kufuata pakiti moja tu ya risasi. Nguruwe pori wa upande wa Mikumi wamemaliza ekari moja ya mahindi yangu.

Zimebaki ekari mbili. Na risasi mbili.

Nafika Kilosa, rafu ya risasi imejaa majembe.

Nikamweleza shida yangu Salehe, aliyekuwa mwenye duka. Sasa ni meneja tu, tangu lifanywe la ushirika.

"Ndugu, hapa hatujawahi kuuza vitu hivyo," akasema kwa sauti, foleni nzima ya sukari isikie. "Hili ni duka la kilimo."

Kilimo! Kwani mimi bunduki nalindia nini?

Nikatoa pakiti tupu mfukoni. Bei iliandikwa kwa mkono wake.

Mama mmoja akachungulia. "Salehe, si saba yako hiyo yenye mkia?"

Salehe akaifunika pakiti kwa kiganja. Akaniuzia debe tupu, eti nikapige kelele shambani.

Nalifunga kwenye baiskeli, akanifuata nje, sauti chini: "Kaka, zile mbili usizimalize. Nguruwe wameingia kwenye mpunga wangu kule Tindiga."

Ana ekari sita. Nikapanda baiskeli. Ninyi mngemwambiaje?

Jioni hii mke wangu amelipiga debe. Nguruwe wakasimama, wakatutazama, wakaendelea kula.