Sukari ya Mama Mkwe na Ukuta wa Jikoni

Jumanne, 12 Aprili 1994. Manyunyu tangu alfajiri, mtaa wetu wa Mfaranyaki wote ukungu. Mchana jua likachungulia kidogo, likarudi.

Siku hiyo mama mkwe wangu alikuwa amekwisha kufunga kifurushi chake. Alikuja kwetu kutoka kijijini kutibiwa ugonjwa wa sukari, na kesho yake alitaka kupanda basi arudi, vidonge aviache dirishani. Mke wangu alilia asubuhi nzima. Shangazi yake aliacha dawa za ugonjwa huohuo, akakatwa mguu, na hakuishi sana baada ya hapo.

Kwa haki, mama hakuwa mkaidi. Hoja yake ilikuwa nzuri kuliko zangu.

"Miaka ile tulipanga foleni ya kilo moja ya sukari," alimwambia binti yake. "Sasa imejaa madukani hadi mtaa wa Lizaboni, nami naambiwa imejaa hata kwenye damu. Kama imejaa, mbona nguvu sina?"

Hospitali nilimsindikiza mimi, nikimfuata kwa mbali kama inavyompasa mkwe, na daktari alinieleza mimi. Mimi ni mtu wa darasa la saba. Sina hakika kama nilishika yote. Na mila yetu haimruhusu mkwe kuongea na mama mkwe uso kwa uso. Basi nikasimama uani, nyuma ya ukuta wa jikoni, nikawa namwambia mke wangu pale mlangoni, naye anayafikisha ndani.

"Mwambie mama, mwili umejengwa kwa vijumba vidogo visivyoonekana, vinaitwa seli. Sukari inapita nje, kwenye damu. Nguvu inapatikana ikiingia ndani."

"Mama, sukari iko nje," akasema mke wangu.

"Nimesikia. Mwambie mkwe aendelee."

"Mwambie, kuna mjumbe anaitwa insulini. Haingii ndani kupeleka habari. Anafika ukutani, anashika kitu daktari anakiita kipokezi, nusu yake nje, nusu yake ndani. Kikishikwa huku nje, upande wake wa ndani unashtuka, unamwamsha jirani, jirani naye anaamsha wengine, mpaka milango ya sukari inasogezwa ukutani na kufunguliwa."

"Mjumbe anashika kitu ukutani, milango inafunguka."

"Na kwangu je?" mama akauliza.

"Mwambie, kwake mjumbe yupo, na kipokezi anakishika, lakini habari inafifia kule ndani. Milango inafunguka michache. Ndiyo maana sukari imejaa na nguvu hamna."

Hapo nikaongeza jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa la heshima. "Mwambie ni kama sisi sasa hivi. Mimi jikoni siingii, lakini neno langu linaingia."

Nikaanza kujilaumu. Kisha nikamsikia mama akicheka, cheko la kifuani.

"Mwambie mkwe nimeelewa. Basi mgonjwa ni huyu binti yangu, maana akipewa debe la maneno anapitisha kikombe."

Hilo mke wangu alikataa kulifikisha, ingawa nilikuwa nimekwisha kulisikia.

"Muulize, vidonge vinafanya nini?"

"Vinasaidia hao wa ndani wasikie vizuri. Kutembea pia kunasaidia. Na ugali ukipungua, foleni ya sukari huku nje inapungua."

"Foleni tena," akasema mama.

Sidai kwamba ni maneno yangu yaliyomzuia. Pengine ni machozi ya binti yake, pengine ni tope la barabarani tu. Ila jioni kifurushi kilikuwa kimefunguliwa, na kanga zake zinaning'inia kwenye kamba ya barazani.

Tulikula ugali wa dona, dagaa wa Nyasa na majani ya maboga yaliyoungwa karanga. Wao jikoni, mimi sebuleni. Sahani yangu ilikuja na donge la ugali zaidi, limemegwa kwa mkono.

"Limetoka kwa mama," akasema mke wangu. "Kasema lake limezidi."

Nikalila lote.