Ng'ombe Wasiorudi

Saa kumi na moja na nusu jioni, ng'ombe walipokuwa wakirudi kutoka malishoni, harufu ya vumbi, maziwa na mavi mabichi iliwatangulia na kuingia nyumbani kwa babu kabla kengele hazijasikika. Saa hiyo ndipo Baba aliponituma kazi ambayo haikuwa yangu. Nilikuwa na miaka tisa, na tuliishi kijijini Nyarero. Babu, aliyemzaa Baba, alikuwa ameishiwa nguvu za miguu tangu mavuno ya ulezi. Alishinda amelala karibu na mlango, uso ameuelekeza zizini. Macho yake yalikuwa na ukungu, hivyo aliwahesabu ng'ombe kwa masikio, kwa kwato zao, kwa kengele, hata kwa kikohozi cha dume mmoja mzee. Walikuwa thelathini na wanane. Akifika mwisho alisema, "Wametimia," na hapo ndipo alipokubali kula.

Kwetu, mwanamume aliyekwisha kutahiriwa hamwulizi baba yake habari za siku zake za mwisho. Kuuliza ni kama kumsukuma. Mjukuu ndiye mwenye ruhusa, kwa kuwa kati yake na babu kuna utani, na ndani ya utani hata kifo hutajwa bila mtu kukasirika. Babu aliniita mke wake. Mimi nilimwita kizee kisicho na meno na kumtishia kwamba nitaolewa na mwenye meno yote. Baba alikuwa ameshapata chumba Bomani, mjini Tarime, karibu na hospitali, kwa sababu mvua zikianza barabara yetu ilikuwa haipitiki. Mpango ulikuwa mzuri. Kilichobaki ni ridhaa ya mgonjwa. "Nenda kamtanie," Baba aliniambia bila kunitazama. "Muulize kama atakubali kuhamia mjini. Usiseme nimekutuma."

Nilimwuliza huku nikimnywesha uji. "Mume wangu, mjini kuna taa. Twende tukakae huko?"

Alicheka mpaka uji ukampalia. "Mke wangu, unataka kunipeleka huko upate vijana?" Kisha kicheko kikakatika, akanishika mkono. "Mwambie huyo aliyekutuma, nikitolewa hapa nitahesabu nini?"

Nililielewa jibu lile vizuri kabisa. Sikuwa mdogo kiasi cha kutolielewa. Lakini niliwahi kufika Bomani mara moja, nikala maandazi ya moto, nikaona balbu ikiwaka juu ya mlango wa duka wakati wa mchana, bila sababu yoyote. Baba alikuwa akinisubiri kando ya ghala. Nilimwambia, "Amekubali." Nilimwona akipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Baba alimhamisha kesho yake, Babu akiwa amelazwa juu ya godoro nyuma ya gari la kukodi. Babu hakubisha. Huenda alidhani mwanawe ameamua baada ya kulisikia neno lake, na neno la pili lingekuwa la kujidhalilisha. Chumba kilitazama barabara, na jioni ya kwanza nilimsikia akihesabu magari yanayokwenda Sirari, mpakani. Alifika saba, akaacha. "Mke wangu," alisema, "umenileta kwenye ng'ombe wasiorudi." Tangu hapo hakunitania tena. Aliniita kwa jina langu, Ghati, kwa upole, kama anavyoitwa mtoto wa jirani. Dawa alipata, daktari alimwona kwa wakati, na maumivu yalipungua. Chakula alikikataa. Alifariki kabla mvua hazijaanza, zile mvua tulizomhamisha kwa ajili yake.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, maana hakuna aliyeniuliza. Niliishia darasa la saba, nikajifunza ushonaji, na mengine nimejisomea mwenyewe, pamoja na namna ya kumgeuza mgonjwa asipate vidonda. Sasa Baba ndiye mzee, na miguu imeanza kumgomea. Mwaka huu nilianza kumwandalia mpango katika daftari: nani atampikia, nani atamwogesha, dawa zipi, nani apigiwe simu kwanza. Penye swali la mahali niliandika kwa kalamu ya wino, "Abaki Nyarero." Nilipanua mlango wa nyumba yake, nikasakafia kizingiti. Niliona ninalipa deni.

Binti yangu Bhoke, anayesoma Musoma, alikuwa tayari kumpigia babu yake amtanie na kumwuliza. Nilishika simu, nikairudisha mezani. Nilikwenda mwenyewe. Nilimwamkia Baba, nikaketi, nikamweleza jibu la babu lilivyokuwa na lile nililolipeleka mimi. Aligeuza uso zizini mpaka ng'ombe wake wakaingia. Wapo wanne.

"Ulikuwa mtoto," alisema. "Mimi ndiye niliyemtuma mtoto kazi ya mtu mzima." Kisha akaongeza, "Sasa uliza."

Nilimwuliza kama angependa kubaki Nyarero au kuhamia mjini.

"Nipeleke Bomani," alisema. "Naogopa maumivu, Ghati. Na hawa wanne nawahesabu kabla sijakohoa."

Nilitazama mlango niliokuwa nimeupanua. Kwa mara ya pili katika ukoo wetu nilikuwa nimemjibia mzee, safari hii kwa wino na kwa nia njema. Zamani tulikuwa na utani wa kutusaidia kuuliza, tukautumia vibaya. Leo tuna simu na daftari, na bado nilikuwa karibu kumpitia mtu pembeni. Nilikata maneno "Abaki Nyarero," nikaandika, "Ahamie Bomani." Kisha nikamsomea Baba mstari ule kwa sauti, mara mbili, na mara zote mbili nilingoja mpaka akaitikia.