G ya Mlangoni kwa Mama

Sauti za muziki mimi huziona. Sijui wenzangu huzipataje, ila kwangu kila ufunguo, yaani sauti ya kuanzia wimbo, ulikuwa na mahali pake nyumbani kwetu Samuye. F, iliyo chini kidogo ya G, ilikuwa kisimani, kwenye ubaridi. G ilikuwa mlangoni, mama ameketi mkekani anachambua pamba, safi huku, fifi yenye madoa kule, akijiimbia. Nikitaka G, namtazama mama kichwani mwangu na sauti inakuja yenyewe.

Kinanda cha kanisa kilipokufa, miaka ya sabini mwanzoni, mwalimu wa kwaya alinijaribu mara kadhaa, akaona sikosei, akanipa kazi ya kutoa sauti ya kuanzia. Nilivimba kichwa, sifichi.

Kisha mama akalazwa hospitali ya misheni, ng'ambo ya ua wa kanisa, akingoja kupasuliwa tumbo Jumatatu. Wiki nzima aliniambia haogopi kitu. Aliniomba jambo moja tu: Jumapili, wakati wa komunyo, tuimbe wimbo wake aupendao, kwa sauti ileile ya siku zote, ausikie dirishani.

Komunyo ikafika. Mwalimu akaniinulia nyusi. Nikafumba macho kutafuta G, na mlangoni hapakuwa na mtu. Mkeka upo, pamba ipo, mama hayupo. Niliogopa vibaya sana. Niliamini kabisa kwamba ameshakufa kule wodini na mimi ndiye wa kwanza kupata habari. Padri akakohoa. Soprano wote wakanikodolea macho. Nikakimbilia kisimani, nikatoa F, kwaya ikaanza. Hakuna aliyegundua, hata mwalimu.

Baraka ya mwisho sikuingoja. Nilikatiza ua mbio, kanga ikinivuka. Mama alikuwa amelala ubavu, kaelekea dirishani, macho wazi. Nikamwamkia kwa shida. Akaitikia marahaba.

"Leo mmeanzia chini," akasema. "Nikajua mwanangu anaogopa."

Nikakana. Akanishika mkono.

"Na mimi naogopa," akasema. "Niimbie hivyohivyo, chini."

Nikamwimbia. Na kesho yake, walipokwisha kumwingiza chumba cha upasuaji, nilisimama nje nikiimba kwa F ileile, sijali wapitao, mpaka mlango ukafunguliwa na sista akaniambia amezinduka.